Vitunguu vya Nyumba Kubwa

Sisi wa mitaa ya Ng'ambo tulizijua harusi za nyumba ile kubwa ya Mji Mkongwe kabla kadi hazijachapwa, kwa sababu ndio tuliokuwa tukiitwa kumenya vitunguu vya biriani. Bibi yangu alimenya, mama akamenya, na mimi nikamenya. Hakuna aliyetulazimisha. Bibi wa bibi yangu alikuwa mtumwa wao, basi, na neno hilo halitajwi, si kwao si kwetu.

Safari hii Bi mkubwa wa nyumba aliniletea salamu niende na binti yangu, apate kuizoea kazi. Binti akaniuliza, "Mama, wao washakuja kumenya kwetu?"

Nikamwambia anyamaze.

Nisiwaonee. Mama alipougua, walimletea uji kila asubuhi mpaka akafariki. Lakini jirani yangu naye alimletea, wala sijapata kummenyea kitunguu. Hapo ndipo nilipokwama. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, huenda kuna jambo silijui.

Nikaenda, nikaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda, au mume kakuletea mwenzio?"

Nikacheka, kisha nikalitoa lote kwa mkupuo. "Binti yangu haji kumenya, Bi. Na mimi nnataka iwe mwisho."

Akakizungusha kikombe chake cha kahawa. "Mpishi nshamweka, na watu wake. Nimekwita kwa kuogopa tu. Nikikuacha wewe na binti yako, utasema nimewatupa."

"Na mimi niliogopa utasema sina adabu."

"Basi tumeogopana bure, miaka yote hii."

Nikashusha pumzi. Nilitaka kumwambia kwamba kwangu haikuwa bure, macho yaliyowashwa na vitunguu yalikuwa yangu. Badala yake nikambusu mkono, nikaaga. Mpaka leo sijui kama ulikuwa woga au heshima.

Siku ya harusi, kwa kadi aliyotuletea Bi, tuliingia kwa mlango wa mbele, mimi na binti yangu, tukakaa jamvini na wageni wengine. Sinia likaja. Vitunguu vilikuwa vimeungua kidogo, nami nikajikuta nshainuka nusu nikaangalie jikoni. Binti akanivuta buibui.

Nikakaa, nikala mpaka nikashiba.