Lebo za Bi Stoo

Katika ofisi ile ya droni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Bi Stoo, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kutunza kila kitu kilichotakiwa ili droni ziruke: betri, chaja, rimoti, propela, kamera na makasha ya kubebea. Asubuhi marubani walitoka kwenda kupiga picha mashamba na nguzo za umeme. Jioni walirudi wamejaa vumbi, wakamrundikia vitu mezani na kwenda zao. Kesho yake waliingia na maswali.

"Bi Stoo, betri ya ile droni kubwa iko wapi?"

"Rafu ya kati, nyuma ya chaja. Siyo hiyo, baba. Hiyo imechoka. Inajaa upesi na kuisha upesi, ni ya kufanyia majaribio chini tu. Huoni mkwaruzo pembeni?"

Rubani alikuwa haoni mkwaruzo wowote, lakini alichukua aliyoambiwa.

Stoo nzima ilikaa kichwani mwa mama huyu, na hicho ndicho kilichomfunga miguu. Binti yake, kitindamimba wake, alikuwa na mimba ya kwanza, na aliishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Binti huyo aliomba jambo moja tu. "Mama, wewe usilete zawadi wala nini. Nataka siku hiyo uwepo." Bi Stoo akamwahidi kwamba atakuwepo.

Alipokwenda kuomba likizo, meneja alivua miwani akajikuna paji la uso.

"Mama yangu, likizo ni haki yako, sikatai. Ila wewe ukiondoka, stoo inaondoka na wewe. Ulipougua mgongo ile mara, tulishinda hapa tunatafuta rimoti kama watu waliopoteza mbuzi. Wateja walipiga simu mpaka nikazima yangu."

Ndipo meneja alipoleta lebo za QR. Zilikuwa stika ndogo, kila moja ina kimraba chenye madoadoa meusi. Ukiielekezea simu, simu inakueleza hiki ni kitu gani, kinakaa rafu ipi, nani alikitumia mwisho, kizima au kibovu.

"Bandika kila kitu," meneja akasema. "Ukimaliza tutafanya jaribio. Wewe utakaa nje kwenye benchi, huulizwi na hujibu. Droni zikiruka vizuri bila wewe, funga mizigo uende kwa mwanao."

Bi Stoo alizipokea lebo zile kama mtu aliyekabidhiwa tiketi ya safari. Alibandika rimoti, akabandika chaja na droo, akabandika hata ngazi. Fundi, ambaye meza yake ilipakana na mlango wa stoo na ulimi wake haukujua kupumzika, alimtazama akacheka.

"Dada, ukifika kwangu uandike 'kizima'."

"Wewe nitaandika 'kinapiga kelele, hakitengenezeki'."

Kilichomsumbua ni betri. Zilirudi kutoka kazini zikiwa na joto, na kila alipobandika lebo, ilijikunja pembeni ikaanguka. Lakini kila betri ilikuwa na mfuko wake wa plastiki nene, wa kuikinga isigongwe njiani. Kwenye mifuko ile lebo zilinasa kama zimezaliwa hapo. Basi akabandika mifuko yote, akaingiza habari zake kwenye simu, roho ikatulia.

Siku ya jaribio alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Rubani, ambaye kila siku alitaniwa kwamba ni rubani wa ndege isiyo na rubani, aliingia stoo na simu yake. Kila lebo iliposomeka simu ililia, na kila ilipolia Bi Stoo alitabasamu peke yake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Droni ya kwanza ikatolewa uani, ikawashwa, ikapaa.

Haikufika mbali. Ilianza kupiga king'ora cha betri, ikayumba, kisha ikatua yenyewe juu ya paa la choo. Mhasibu aliyekuwa humo ndani akatoka mbio huku akijifunga mkanda.

Fundi alipanda ngazi akaishusha. Bi Stoo akaitazama betri ubavuni, akauona mkwaruzo.

"Hii si ndiyo ile iliyochoka?"

"Simu imesema nzima, imejaa," rubani akajitetea, akimwonyesha mfuko. "Lebo hii hapa."

Bi Stoo aliutazama mfuko, akaitazama betri, akaelewa. Pale kazini ilikuwa desturi kwamba betri zikirudi zinavuliwa mifuko ili zipoe, na mifuko inatupwa yote kwenye kikapu kimoja. Zikishapoa, yeyote anayepita anazivalisha mfuko wowote. Mifuko ilifanana yote, hakuna aliyewahi kujali. Na jioni iliyotangulia aliyezivalisha ni yeye mwenyewe, huku ameibana simu begani akizungumza na binti yake.

"Lebo hazina kosa," akamwambia meneja. "Ni mimi. Nimeandika majina ya watu kwenye mashati, halafu nikawavalisha mashati hovyo."

Meneja hakumgombeza. Alisema tu, "Bado, mama." Afadhali angegombeza.

Jioni ile binti alipiga simu. "Mama, nyonga zinauma. Daktari anasema mtoto ameshashuka. Unakuja lini?"

"Nakuja, mama yangu."

"Lini?"

Bi Stoo akajifanya mtandao unakatika.

Asubuhi alizipanga betri zote juu ya meza, uchi. Fundi hakuitwa, alijisogeza mwenyewe na chupa ya spiriti na kitambaa. Walisubiri kila betri ipoe kabisa, wakaifuta mafuta, wakabandika lebo kwenye ubavu wake bapa, wakaifunika kwa selotepu angavu na kuikandamiza kwa dole gumba. Halafu fundi aliipima nguvu, Bi Stoo akaeleza anayoyajua, na rubani akaandika kwenye simu.

"Hii ilianguka mtoni ikakaushwa. Inafanya kazi, ila haipendi baridi."

"Niandike haipendi baridi?"

"Andika. Kwani nimesema uongo?"

"Na ile iliyochoka?"

"Andika isiruke. Kwa herufi kubwa, maana nyie hamsikii."

Safari hii mifuko ilibaki bila lebo hata moja.

Jaribio la pili likafika. Bi Stoo akarudi kwenye benchi lake. Kutoka ndani alisikia droo ikilia, akaijua kwa mlio wake. Ilikuwa droo ya kamera, na rubani alikuwa anatafuta propela. Droo nyingine ikalia, hiyo nayo siyo. Maneno yakampanda mpaka kooni. Akaitia mdomoni ncha ya mtandio wake akaiuma.

"Dada, unakula nguo?" fundi akauliza kutoka mezani kwake.

Akatikisa kichwa kukubali.

Ndani kukawa kimya. Kisha simu ikalia, hatua zikasogea, na droo ya tatu kutoka mlangoni ikafunguliwa. Hiyo ndiyo. Bi Stoo akaitoa nguo mdomoni.

Droni zilipaa moja baada ya nyingine, zikanyooka, zikavuka paa la choo na nyumba za jirani, mlio wake ukafifia. Alikuwa ametegemea furaha. Kilichotangulia kilikuwa kitu kingine, kwamba wameweza bila yeye. Alikaa nacho kidogo pale benchini, akishikashika ncha ya mtandio iliyolowa.

Meneja akatokea mlangoni. "Mama, kumbe bado uko hapa?"

Hapo ndipo furaha ilipomfikia. Aliondoka bila kuaga nusu ya watu.

Alimkuta binti yake bado anatembea, ameshika kiuno, analalamika kwamba mume wake anapika ugali wenye mabuja. Uchungu ulianza kulipopambazuka kesho yake, na Bi Stoo alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, mkono wake ukiwa umeminywa mpaka vidole vikafa ganzi.

Amempakata mjukuu, simu ikaita. Ni rubani. Bi Stoo akaibana begani kama kawaida yake.

"Haya, sema. Mmekosa nini?"

"Hatujakosa kitu, Bi Stoo. Nakusalimia tu. Mtoto vipi?"

Bi Stoo alisubiri swali lenyewe lije. Halikuja.

"Wa kike," akasema, sauti ikimlegea. "Mzima kabisa."

Nyuma ya rubani ikasikika sauti ya fundi. "Muulize kama ameshambandika lebo!"

"Mwambie huyu hana haja ya lebo," Bi Stoo akajibu. "Huyu nimemshika mwenyewe."