Jeneza Litapita Wapi

Mimi ni msanifu majengo, ila kule Tangini, mtaa wa Kibaha, wananiita injinia. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Nilikuwa naeleza kwamba injinia ni yule anayehakikisha jengo halianguki, na mimi ni yule anayeamua jengo liweje, na kila nilipomaliza kueleza mtu alinitazama kwa huruma akasema, "Sawa, injinia." Siku hizi naitika tu.

Kazi yenyewe ilikuwa jumba la maonyesho, hapo Kibaha mjini, kwenye kiwanja pekee kilichobaki wazi katikati ya nyumba zilizobanana. Wenye mradi walitaka mahali pa kuonyesha vinyago, mikeka, ngoma na vyungu vya watu wa Pwani, tena ndani ya jengo lisilokula umeme. Hapo kichwa kikavimba. Nilichora kuta za matofali ya udongo kutoka Kisarawe, kwetu, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono badala ya kuchomwa kwa kuni. Nikachora paa la kukinga mvua na kuishusha kwenye tangi chini ya sakafu, na madirisha yanayofuata upepo ili kiyoyozi kisihitajike. Nilishinda kiwanjani wiki nzima na kifaa cha kupimia upepo, wapita njia wakidhani natafuta mtandao. Nilipima jua, kelele, mteremko wa maji, hata kivuli cha mwarobaini wa jirani.

Niliiona pia njia ya miguu iliyokatiza kiwanja kutoka pembe hadi pembe, imekuwa nyeupe kwa kukanyagwa. Nikaandika kwenye daftari: "Watu hukatiza hapa. Watazoea kuzunguka." Daftari hilo ninalo mpaka leo, na sijapata ujasiri wa kulichoma.

Siku ya mkutano wa mtaa nilikuja na mfano wa jengo nilioukata kwa karatasi ngumu. Ndani yake niliweka vijitu vya karatasi, vyote virefu na vyembamba, vimebeba mabegi mgongoni, kimoja kinaendesha baiskeli. Hakuna hata kimoja kilichovaa kanzu wala kujifunga khanga. Nilizungumza kuliko khatibu wa Ijumaa, na mwisho nikatoa sentensi niliyokuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Ndugu zangu, hili ni jengo linalopumua."

Bibi mmoja alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, miguu yake iliyovimba ameiegesha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, jengo linapumua, alhamdulillahi. Mimi nikiacha kupumua, jeneza litapita wapi?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Nyumba yake ilikuwa nyuma kabisa ya kiwanja, imezungukwa na migongo ya nyumba za wenzake. Akaeleza taratibu, kama mtu anayeulizia bomba la maji. Mumewe alifariki wakati kiwanja kimejazwa mawe na kokoto za mtu, ikabidi wapite naye kichochoroni. Kichochoro kina kona. Jeneza lilipofika kwenye kona halikugeuka.

"Walimsimamisha wima kama ngazi," alisema. "Nimeishi na yule mzee ujana wangu wote na uzee wangu wote, hakuna aliyewahi kumvunjia heshima. Siku hiyo ndiyo akavunjiwa. Mimi sitaki kusimamishwa."

Nikafunua michoro yangu. Nilikuwa nimeacha nafasi ya kiti cha magurudumu kugeuka, nafasi ya gari la takataka, nafasi ya mkokoteni wa kushushia vinyago. Jeneza sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Angesahau mgeni, tungemsamehe. Mimi ni mtoto wa Kisarawe, wa nyumba ya Kiislamu, nimetia bega kwenye majeneza tangu ndevu hazijaota. Babu yangu nilimbeba. Baba yangu nilimbeba. Halafu nikapewa kiwanja nikachora njia za kila kitu isipokuwa hiyo.

Nikasema kile wanachosema wataalamu wakiwa hawajui. "Tutalifanyia kazi."

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kisarawe kupima jeneza. Tangini kulikuwa na msikiti hatua chache kutoka kiwanjani, na jeneza lake lilikuwa jeneza kama mengine, lakini niliona haya. Nikaona heri niende nyumbani, ambako hakuna aliyejua nimekosea nini.

Nikamkuta muadhini wetu, mzee aliyenifundisha kutawadha, anafagia baraza ya msikiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za Kibaha?"

"Njema. Nimekuja kuomba kupima jeneza."

Ufagio ukasimama. "Unaumwa?"

"Hapana, mzee. Ni mambo ya kazi."

Akaegemeza ufagio ukutani, akalitoa chumba cha nyuma. Alikubali yote isipokuwa moja: jeneza kutoka nje likiwa tupu bila kufunikwa. Akalitandazia kitambaa chake cha kijani, kama ilivyo desturi. Nikapima urefu, nikapima upana, nikaandika. Ningeondoka hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake mpaka leo.

Ila nilitaka kujua linageukaje likiwa mabegani. Nikawaomba bodaboda wanne waliokuwa wanasubiri abiria waliinue, wazunguke nalo kona ya msikiti mara moja tu. Wakakubali. Mimi nikatangulia, natembea kinyumenyume, futi ya chuma mkononi.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua kabla hajajua kusoma. Jeneza likipita, aliyekaa husimama, na mwanamume aliye karibu huenda kutia bega hatua kadhaa, kisha humpisha mwingine. Haulizi ni nani aliyemo. Kuuliza njiani si adabu, jina atalisikia mbele ya safari.

Muuza duka aliacha mizani yake akaja. Fundi cherehani akaja na uzi mdomoni. Waliokuwa wanakunywa kahawa wakaweka vikombe chini wakaja wote. Kabla kona haijaisha, wale bodaboda wangu wanne walikuwa wameshapokewa mzigo kwa heshima zote na kusukumwa pembeni, na mtu mwenye sauti nzuri alikuwa ameanza dhikri. Jeneza halikurudi msikitini. Lilishika njia ya makaburini.

Nikasema, "Jamani, subirini kidogo." Mzee mmoja nisiyemfahamu akanishika bega. "Jikaze, mwanangu. Sote njia yetu ni hiyo hiyo."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niligeuka, nikaficha futi mfukoni, nikatembea mbele nimeinamisha kichwa kama mfiwa. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona, "Mbona mwepesi hivi?" Mwenzake akamjibu, "Huyo alikuwa mtu mwema. Watu wema huwa wepesi."

Aliyetuokoa ni imamu. Alikuwa anatoka kwenye shughuli zake, akatukuta njia panda, akashuka kwenye pikipiki. "Mmemswalia nani huyu?" akauliza. Kila mtu akamtazama jirani yake, kisha wote wakanitazama mimi. Nikaeleza. Nikiwa pale katikati ya barabara, mbele ya watu wasiopungua thelathini, nilieleza habari za kona na vipimo vya kugeukia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwehu. Hakuna aliyenipiga, na hiyo naihesabu kuwa rehema.

"Rudisheni jeneza," imamu alisema. Halafu akanigeukia. "Na wewe, usiwafanyie watu hivi tena."

Nikafikiri yameisha. Kumbe walioniona nimetangulia na kichwa chini walikuwa wamekwishaamua kwamba aliyefariki ni mama yangu. Wanawake wakajitanda khanga wakaenda nyumbani kwetu kwa kilio, mmoja na sufuria ya mchele kichwani. Mama akawafungulia mlango mwenyewe.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele ule ule. Nikajiandaa kutukanwa.

"Nimewaona watakaokuja," alisema. "Wengine sikuwategemea kabisa." Akatupa kijiwe nje. "Na nimewaona ambao hawakuja."

Kuna jirani yetu mmoja ambaye tangu siku hiyo akiomba chumvi kwa mama huambiwa imekwisha.

Nilirudi Kibaha na vipimo vya mbao ambavyo havikunifaa kitu. Jeneza halipimwi kwa mbao zake. Mbao ni nyembamba, zingepita hata kwenye mlango wa choo. Kinachohitaji nafasi ni wale wanaoingia na kutoka, yule anayekimbilia kutia bega na yule anayempisha, na wanaofuata nyuma bila kujua wanamfuata nani. Nikaketi nikalipasua jumba langu katikati. Njia ya kukatiza ikarudi pale pale ilipokuwa, pembe hadi pembe, pana, ina paa juu na haina mlango wala geti, na vyumba vya maonyesho vikakaa huku na huku. Wenye mradi walinung'unika kwamba theluthi ya jengo imegeuka uchochoro. Nikawaambia ni ya upepo. Niliona haya kuwaambia ukweli.

Jengo lilipokamilika ilionekana kweli ni ya upepo. Madirisha yangu yaliyofuata kifaa hayakuleta kitu, lakini ile njia ilivuta hewa ya baridi mchana kutwa ikaigawa vyumbani. Wageni waliokuja kukagua walisimama pale katikati wakasifu ubunifu wangu. Nikakohoa, nikasema asante.

Bibi alikuja kulikagua siku yake mwenyewe. Alipita na fimbo yake kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu kwa sababu ya miguu, bila kutazama kinyago hata kimoja. Katikati alisimama akanyoosha mikono yote miwili, haikugusa ukuta.

"Pana," akasema. "Mbona mimi si mnene kiasi hiki?"

"Si yako peke yako, bibi. Ni ya watu."

Akashusha mikono. "Watakuja watu?"

Sikuwa nimetegemea swali hilo. Nilidhani siku zote aliogopa kona.

"Watakuja."

"Wewe je, injinia?"

"Nitakuja, inshaallah."

Aliishi misimu miwili ya mvua baada ya hapo. Kila alasiri alitandika mkeka kwenye ile njia, mahali penye baridi kuliko pote, na wageni wa maonyesho walimdhania ni sehemu ya maonyesho. Wengine walimpiga picha. Aliwaambia jengo ni la mwanawe, na mimi sikumsahihisha.

Nilikuwa Mlandizi kwenye kazi nyingine nilipopigiwa simu. Nilifika Tangini wakiwa ndiyo kwanza wanamtoa nyumbani, na nilipoingia njiani nilikuta pamejaa. Waliokuwa ndani wakitazama ngoma na vyungu walikuwa wametoka wamesimama pembeni. Wanaume walikuwa wanapishana pande zote mbili, wanaingia na kutoka, na hakuna aliyejikwaa kwa mwenzake. Nikapata nafasi ya mbele kushoto. Tulipofika kwenye pembe nilitazama ukuta, mazoea ya kazi, nao ulikuwa mbali. Hatukumwinamisha hata kidogo.

Nililia bila kificho, na mtu mmoja akaniuliza kama nilikuwa mwanawe. Nikamjibu ndiyo. Alikuwa mzito yule bibi, mzito kwelikweli, mpaka bega likauma siku mbili. Nikamkumbuka yule mtu wa Kisarawe aliyesema watu wema huwa wepesi, nikatamani nimtafute nimwambie kwamba amekosea.