Kamba ya Kimo cha Hamdi

"Aliye mdogo kuliko wote, huko atapanda nini?"

Hilo ndilo swali, mwanangu, lililonikwaza alasiri moja nyumbani kwetu Garissa, mimi niliyejiona nina jibu la kila kitu. Aliyeuliza ni Ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba, naye aliuliza huku akichambua mchele, bila hata kuinua macho. Nakumbuka joto la siku ile, feni ikizunguka kama iliyolazimishwa, na watoto watatu wa kaka yangu wamelala kifudifudi mkekani, vichwa vimegusana juu ya simu yangu.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu ilhali sijafika arobaini. Uzee si mvi peke yake. Aliyejikwaa kabla yako ana haki ya kukuonyesha jiwe lilipo.

Wakati huo nilikuwa ndio kwanza nimemaliza chuo kikuu, na nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimwuliza maalimu wa madrasa mpaka akaomba nibadilishwe darasa. Ayeeyo alipokataa safari yoyote ianze Jumanne, nilimwuliza sababu. Hakuwa nayo, na hadi leo habari ya Jumanne siiamini. Kwa hiyo sikuambii uache kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nakuambia tu kwamba katika maswali yangu yote ya miaka ile, hapakuwa na hata moja nililowahi kuuelekezea mpango wangu mwenyewe.

Na mpango nilikuwa nao. Likizo ya shule ilikaribia, nami niliahidi kuwapeleka watoto Nairobi, kwenye bustani kubwa ya michezo, ile yenye mabembea ya mashine na treni inayopinduka kichwa chini miguu juu. Kaka yangu alikuwa Banissa kwa biashara ya mifugo, mkewe Maryan alikuwa na kazi ya ofisini, basi ningewachukua peke yangu: Abdi, mkubwa, aliyejifanya haogopi kitu, Nasra wa katikati, na Hamdi, kitinda mimba, ambaye hata chekechea alikuwa hajaizoea. Niliwaonyesha picha. Hamdi akaichagua treni. Akaisimulia kwa jirani, kwa mama wa maziwa, hata kwa mbuzi wa Ayeeyo. Alikuwa akilala akiitaja.

"Nitapanda treni," Hamdi akajibu kwa niaba yangu. "Eeddo amesema." Eeddo ni mimi, shangazi.

"Nimemwuliza eeddo wako," Ayeeyo akasema. "Wewe najua utapanda hata mwezi."

Nikasema huko kila kitu kipo, watu huenda na watoto wao kila siku.

"Na nani amekwenda sahan?"

Ayeeyo alizaliwa kwa wafugaji wa upande wa Ijara, na kwao kambi haikuhama kwa uvumi kwamba mvua imenyesha mahali. Alitumwa mtu atangulie, akayaone malisho na maji kwa macho yake, kisha arudi aseme. Hiyo ndiyo sahan.

Nikainua simu. "Sahan yangu hii hapa. Nimeona kila kitu, Ayeeyo. Siku hizi hakuna haja ya mtu kutembea juani."

"Simu imeona nyasi," akasema. "Imeona miguu ya Hamdi?"

Abdi akacheka mpaka akakohoa. Nami nikawaka hasira, maana kuchekwa mbele ya watoto uliowaahidi makubwa si jambo dogo. Nikamwambia kwamba sisi hatuhami, tunakwenda kucheza, na Nairobi si malishoni. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Kundi hutembea kwa miguu ya ndama, si ya fahali," akasema taratibu. "Mwenda sahan akirudi, haulizwi kwanza kama nyasi ni ndefu. Anaulizwa, ndama aliyezaliwa juzi atafika? Akifika, ataweza kunywa kwenye kisima hicho? Wewe umepanga safari ya Abdi, halafu umemtia Hamdi ndani yake kama mzigo. Watoto hawatoki hapa mpaka mtu aende akaone."

Katika nyumba ile, Ayeeyo akishasema, limekwisha. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na safari ya kwenda Nairobi kuchukua cheti changu cha chuo. Nikaamua nitapita bustanini, nirudi nimwonyeshe kwamba alihofu bure. Hakubishana. Alimsimamisha Hamdi kwenye fremu ya mlango, akaichukua kamba aliyoisokota mwenyewe ya kufungia mikeka, akaivuta kutoka kisiginoni hadi utosini, akapiga fundo.

"Mchukue Hamdi," akaniambia, akanipa kamba.

Akili nyingi huondoa maarifa, mwanangu. Kamba ile niliisukuma chini kabisa ya mkoba, nikaiona haya njia nzima.

Treni ilikuwepo kweli, ikinguruma juu ya vyuma, na watu wakipiga mayowe ya raha. Lakini mbele ya lango lake kulikuwa na kibao kilichochorwa twiga, na shingoni mwa twiga mstari mwekundu. Aliye chini ya mstari hapandi. Nikatazama kushoto na kulia, kisha nikaitoa kamba.

"Sista, unapima nani?" kijana wa langoni akaniuliza.

"Mpwa wangu. Yuko Garissa."

"Sasa yeye amebaki, umekuja na kamba yake?" Akamwita mwenzake. "Cheki, huyu ameleta mtoto kwa kipimo. Wengine huwaleta wazima, wanatulilia hapa mpaka jioni."

Fundo la Hamdi lilifika kifuani mwa twiga.

Kijana yule akaendelea kunieleza bila kuulizwa. Wa umri wa Abdi angepanda peke yake. Wa kimo cha Nasra lazima akae na mtu mzima. "Na huyu wa kamba utamwachia nani?" akauliza.

Nikapiga hesabu. Ningepanda na Nasra, Hamdi angebaki mikononi mwa nani katika umati ule? Ningebaki na Hamdi, Nasra naye angekosa. Katika mpango wangu mzuri angepanda Abdi peke yake, na Hamdi angesimama chini ya twiga akiitazama treni yake ikienda.

Basi nikaacha kutazama juu. Nikaizunguka bustani nzima nikiitazama kwa kimo cha fundo, na kutoka chini pale ni mahali pengine kabisa. Niliona farasi wa mbao wanaozunguka taratibu. Niliona vijimashua kwenye bwawa lisilofika magotini. Niliona kivuli kilipo, choo kilipo, mahali pa kuswali, na foleni ambayo kwangu ilikuwa fupi lakini kwa miguu midogo, juani, ni safari.

Niliporudi Garissa, Ayeeyo alinikalisha mkekani, akanimiminia chai, akawaamuru watoto wakae. Nikaanza na habari za farasi. Akanikatiza.

"Anza na mabaya. Anayerudi na mazuri matupu hakufika."

Ikanibidi nimgeukie Hamdi. Nimefanya mitihani mingi maishani, lakini ule ulikuwa mgumu.

"Hamdi, treni ile haiwachukui watoto wa kimo chako."

"Nitanyoosha shingo."

"Hata ukinyoosha."

"Nitavaa viatu vya hooyo," akasema, maana ndivyo walivyomwita mama yao.

"Hata ukivaa."

Akatutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kunikanusha. Abdi, anayecheka kila kitu, alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Ndipo Hamdi akalia. Alijitupa mapajani kwa Ayeeyo akasema mimi ni mwongo. Ahadi ni deni, na mimi niliahidi nisichokuwa nacho. Nikafungua mdomo nimwambie labda watamruhusu, labda nitawaomba. Ayeeyo akanizuia kwa mkono.

"Usimwongezee. Mwache alie hapa. Hapa pana paja."

Ilipoadhiniwa magharibi, Hamdi alikuwa amenyamaza, anataka kujua farasi wana rangi gani.

Tukaenda, na Maryan akaomba ruhusa kazini ili tuwe wawili. Tulishuka basini kwenye kizuizi cha polisi karibu na daraja, tukaonyesha vitambulisho kama kawaida, na kabla ya Mwingi watoto wote walikuwa wamelala, mdomo wa Abdi wazi. Tulipofika bustanini, Hamdi alimwendea twiga peke yake. Akasimama wima, akajipima, akamgeukia kijana wa langoni.

"Mimi sijafika," akamwambia. "Nimekuja kwa farasi."

Kijana akanitazama. "Ndiye wa kamba?"

"Ndiye."

Kando yake mtoto mwingine wa kimo kile kile, ambaye hakuwa ameambiwa, alikuwa ameng'ang'ania nguzo za lango akilia, na baba yake akimkemea kwa aibu ya macho ya watu. Nilimhurumia baba yule. Mpango wake niliujua wote, kwa sababu ulikuwa wangu. Hamdi naye alikwisha kumpata farasi mwekundu, na tulimshusha pale aliposema dunia imeanza kuzunguka yenyewe.

Basi nisikilize, mwanangu, hasa wewe uliyehitimu juzi, unayeona wazee wanakuchelewesha. Uliza kila kitu, lakini swali la kwanza liulize mpango wako. Ukipanga jambo la watu wengi, lipange kwa aliye mdogo kuliko wote. Wakubwa watapata tu sehemu yao. Usimwahidi mtoto usichokiona kwa macho yako, na kama huwezi kwenda, mtafute aliyefika, umwombe ainame atazame kutoka chini. Hesabu mikono ya watu wazima kabla ya kuhesabu michezo. Na likiwepo la kumhuzunisha mtoto, mwambie nyumbani, kwenye mapaja anayoyajua. Usimwachie mlinzi wa langoni kazi hiyo.

Mungu akupe safari zenye kurudi. Akujaalie watoto wanaoliamini neno lako, na asikukoseshe nyumbani mtu wa kukuuliza swali usilolipenda.

Ayeeyo ametangulia mbele ya haki. Miaka mingi baada ya safari ile, kwenye harusi moja Eastleigh, huko Nairobi, nilikaa na binti wa dada yake, naye akanisimulia huku akicheka kazi aliyowahi kupewa na mama yake mdogo. Ayeeyo alimpigia simu kutoka Garissa, akamtuma aende kwenye bustani ile ya michezo aone treni inawachukua watoto wa kimo gani, naye akampima twiga wa langoni kwa shubiri kutoka ardhini hadi kwenye mstari mwekundu, kisha akampa jibu. Nikamwuliza ilikuwa lini. Ilikuwa siku moja kabla ya alasiri ile ya mchele.