Dume la Mama Mkubwa Mbele ya Kamati ya Bunge

Hili jambo nikilikumbuka hata peke yangu bafuni najikuta nafumba macho, na ninalisimulia kwa sababu tu mshalisikia huko Kisesa likiwa limetiwa chumvi, eti nilikula hela ya jeshi, eti niliahidiwa tenda ya kupeleka maziwa kambini, basi bora mlisikie kwa mwenye aibu yake, mjue kwamba nilikuwa mjinga lakini sikununuliwa.

Mnanijua mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mke wangu husema nikikaribishwa chai nauliza kwanza nani mwingine ameinywa. Lakini ukiwa na duka la dawa za mifugo kama langu utashuku tu, maana kila siku anaingia mtu anakwambia ng'ombe wake mgonjwa ni mmoja, kumbe wamelala zizi zima na anataka umpe dawa kidogo akaichanganye na maji.

Sasa kule kijijini kwetu, chini ziwani, kuna kambi ya jeshi, na mwaka jana ilijengewa uzio mpya na mtaro wake pembeni, uzio mzuri kwelikweli, ila ile njia ambayo ng'ombe wa kijiji wameshukia kunywa maji tangu enzi za babu ikabaki ndani. Aliyeumia kuliko wote ni mama mkubwa Nkwimba, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki nikiwa hata shule sijaanza. Hana mtu wa kumchungia, kwa hiyo na umri wake ule anawazungusha ng'ombe mwenyewe kwa barabara ya lami, ile ya Musoma, mabasi yanapita kama yamefukuzwa na yeye anayasimamisha kwa mkono na fimbo. Halafu dume lake kubwa likajaribu kukatiza njia ya zamani, likatumbukia mtaroni, likavunjika mguu. Sote tulijua ipo siku tutaletewa habari mbaya kutoka kule barabarani, na haitakuwa habari ya ng'ombe.

Ndipo tukatangaziwa kwamba kamati ya Bunge inayosimamia mambo ya ulinzi inakuja kukagua mradi ule wa uzio, na watu wa wizara watakuwepo kujibu maswali, na wananchi wenye kero watasikilizwa. Mama mkubwa akasema yeye atasema, tena kwa Kisukuma, maana Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia maziwa, na mambo ya ng'ombe hayasemwi kwa lugha ya kuazima. Mwenyekiti wa kijiji akauliza nani atamtafsiria, mama mkubwa akaninyooshea kidole mimi.

"Huyu mwanangu amesoma," akasema. (Nina cheti cha mifugo, basi, lakini kwake yeye mimi ni profesa.)

Siku yenyewe asubuhi, nipo dukani napanga dawa za kupe, akaingia mtu nisiyemjua, kaunda suti ya kijivu, kiatu kinang'aa, hana hata chembe ya vumbi la zizini.

"Wewe ndiye utakayemtafsiria yule mama mwenye ng'ombe?" akaniuliza.

"Nani kakwambia?"

"Aah, tunajua," akasema huku anacheka, akaniuliza jina la ukoo, akaniuliza nitafika saa ngapi, akaniambia "usikose," akatoka bila kununua hata sindano.

Jamani! Tunajua! Nyie akina nani? Nikabaki nimeshika kopo la dawa, moyo unadunda, nikijiambia Shija, umekwisha, huyu ni mtu wa usalama, wameshakuandika, na mkutano wenyewe ni mtego wa kuwatambua wanaolisema jeshi vibaya. (Angekuwa mtu mwingine angemuuliza tu, samahani mzee, unatoka ofisi gani? Mimi nikaona kuuliza ndiko kujichongea.) Nikafunga duka, na njiani nikakata shauri dogo tu, dogo kabisa: nitatafsiri, ila nitapunguza makali.

Kufika uwanjani, turubai limefungwa, waheshimiwa wamekaa mbele, mkuu wa kambi na magwanda yake, ofisa wa wizara na suti yake, na nyuma ya turubai nani amesimama ananong'ona na askari? Kaunda suti. Akaniona, akanipungia mkono. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole mwenye sauti nzito, akasema maneno ambayo ningekuwa na akili yangeniamsha. "Ndugu wananchi, tutakachokiandika hapa ndicho tutakachowauliza wizara kule Dodoma. Ambacho hakikuandikwa hapa, sisi hatukijui. Semeni."

Mama mkubwa akasimama, nami pembeni yake na kipaza sauti. Akaanza kwa Kisukuma, pole pole, sauti ya juu: waambie mimi siwaogopi, nimekuja kudai njia ya ng'ombe wangu, wameifungia ndani kama mali yao.

Nikatazama kaunda suti. Anatutazama. Nikakohoa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mama anawakaribisha sana, na anaipongeza serikali kwa jitihada endelevu za kuimarisha ulinzi shirikishi."

(Hayo maneno niliyachagua makusudi. Endelevu, shirikishi, mama mkubwa angeyapatia wapi? Sokoni hakuna aliyewahi kuuza shirikishi.) Yeye akaitikia kwa kichwa, akajua yamefika. Ila watu nyuma yangu wanajua Kisukuma na wanajua Kiswahili, nikasikia mguno, kama mzinga wa nyuki umeguswa.

Akaendelea: waambie nazunguka kwa barabara ya lami, juzi basi nusura linichukue mimi na ndama, nataka geti tu, sitaki vita na mtu.

"Mama anasema miundombinu ya barabara imeboreshwa, na yeye binafsi ni mnufaika."

Hapo mtu akacheka kwa nguvu, mwingine akapiga mluzi. Mheshimiwa mmoja wa kike mwenye miwani, ambaye tangu tuanze alikuwa hacheki na mtu, akainua uso. "Mkalimani, mbona wananchi wananung'unika?"

"Wanafurahi, Mheshimiwa."

"Hivyo ndivyo watu wa hapa wanavyofurahi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, ni mila." Mungu anisamehe, nilisema ni mila.

Sasa mama mkubwa akafika kwenye dume lake, na pale hakutumia mdomo tu, akaweka mikono kichwani kuonyesha pembe, akaonyesha mtaro, akaonyesha kambi, akapiga paja kuonyesha mguu uliovunjika, machozi yakamlengalenga kwa sababu lile dume alilipenda. Mheshimiwa wa miwani akaniuliza, "Hizo pembe ni nini?" Nami, na akili yangu yote ya cheti cha mifugo, pembe ningezificha wapi? Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Mama anasema, kwa furaha aliyo nayo, anawapa wanajeshi wetu ng'ombe dume."

Mkuu wa kambi akasimama akapiga saluti. Waheshimiwa wakapiga makofi. Ofisa wa wizara akasogea kwenye kipaza sauti, akashukuru, akasema kwa kweli wao walikuwa wamekuja na pendekezo la kuweka geti la mifugo kwenye uzio, lakini kama mama aliyetajwa kuwa na kero ndiye huyu anayetoa zawadi, basi pendekezo hilo wataliweka kando, fedha zifanye kazi nyingine. Mwenyekiti akageuka kwa waandishi wake. "Andikeni, hakuna kero."

Ndugu zangu, geti lilikuwa limekuja na watu wenyewe kutoka Dodoma, limo ndani ya mkoba, na mimi nimelirudisha! Nikafungua kinywa niseme ngojeni, kaunda suti akawa anapiga hatua kuja mbele, kinywa kikajifunga chenyewe.

Aliyesema ngojeni ni mama mkubwa. Endelevu hakulijua na shirikishi hakulijua, lakini ng'ombe na dume ni maneno ya maisha yake. Akaninyang'anya kipaza sauti.

"Nani amesema natoa ng'ombe?" akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi sijatoa ng'ombe. Ng'ombe yangu imevunjika mguu kwenye mtalo wa jeshi. Nataka njia. Nazunguka balabalani, gali zinataka kuniua. Huyu mtoto anasema nini kwenu?"

Uwanja ukalipuka, kila mtu anasema lake, na kutoka nyuma nikasikia sauti ya jirani yangu kabisa, mtu ninayemkopesha dawa, "Kanunuliwa huyo! Shija kanunuliwa!"

Mheshimiwa wa miwani akavua miwani. "Kijana, unalishaje kamati ya Bunge uongo? Mama analalamika, wewe unapongeza. Ng'ombe kaumia, wewe unamtoa zawadi kwa wale wale tunaowakagua. Nani amekutuma? Ni kambi? Ni wizara?"

Ofisa wa wizara akaruka, "Sisi hatumjui!" Mkuu wa kambi naye, "Wala sisi!" Wote sasa wananitazama vile ninavyowatazama watu mimi siku zote, na wallahi, macho yale ni mazito, sikuwahi kujua.

Nikaona nimebakiwa na njia moja. Nikanyoosha mkono. "Ni huyu! Huyu mtu wa usalama! Alikuja dukani asubuhi kunitisha!"

Kaunda suti akasimama kama amemwagiwa maji. "Mimi?"

"Wewe! Ulisema mnajua!"

Mwenyekiti akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. "Ndugu yangu, huyo ni katibu wetu wa kamati. Tulimtuma ahakikishe mama atakuwa na mkalimani, tusije tukashindwa kumsikia."

Sitawaeleza kicheko kilichofuata. Wanajeshi walicheka, na mwanajeshi akiwa kwenye mstari hachekagi ovyo. Hata yule askari aliyekuwa ananong'onezwa ikabidi ageuke atazame uzio. Mimi nikaambiwa nikae, pale pale mbele, kwenye kiti cha plastiki, ili nisikie.

Na nikasikia. Mama mkubwa alisimulia yote mwenyewe kwa Kiswahili kile kile cha sokoni, akikwama anarudi nyuma analitafuta neno mpaka analipata, na hakuna mheshimiwa aliyecheka wala aliyemharakisha. Mheshimiwa wa miwani akambana ofisa wa wizara mpaka akataja mbele ya watu kwamba geti litawekwa, na nani atalifungua asubuhi na nani jioni. Mwenyekiti akasema lile la "hakuna kero" lifutwe. Mama mkubwa akasema, "Wabeja," ndiyo asante yetu, akakaa, mbali na mimi.

Geti lipo. Askari wanalifungua, wengine mpaka wanamsaidia kuhesabu ndama. Kwa hiyo msije mkasema niliharibu, jambo lilitengenea, ila halikutengenezwa na mimi. Mimi nimebaki na jina la mkalimani wa jeshi, nikipita watu wanaacha kuongea, na dukani mtu akiniuliza dawa hii ni halisi siwezi tena kukasirika. Nimeapa: sitamsemea mtu mwingine maneno yake, hata kumwagizia soda, na nikimshuku mtu nitamuuliza anatoka wapi, basi.

Lakini hayo ya watu ningeyavumilia. Jumapili ile nilichukua dawa na bandeji nikaenda kumwona dume na kuomba radhi. Mama mkubwa alikuwa mlangoni anachambua mchele. Nikachuchumaa kama inavyopasa, nikamwamkia kama mama, kwa Kisukuma alichonifundisha yeye, "Mwangaluka, mayu."

Akaweka ungo chini, akanijibu kwa Kiswahili, kile cha kuuzia maziwa.

"Karibu. Nikusaidie nini?"