Mbuzi wa Dadangu Walileta Kupe, Lawama Akabebeshwa Mkazamwanangu

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche ila maneno yangu usiyalainishe. Mimi ni ajuza wa miaka sabini na moja, nakaa Mji wa Kale, na shule sikuingia. Nasema, mpangaji wangu anaandika.

Nafuga mbuzi uani, na mwaka huu karibu wote walikuwa na mimba. Baada ya Idi, dadangu mkubwa wa Likoni alivuka Feri na mbuzi wake wawili. "Nishikie, mdogo wangu, kwangu malisho yamekwisha." Masikio yao yamejaa kupe. Kumuuliza, akanicheka: "Tangu lini ukaogopa kupe? Utotoni ulilala nao." Mbuzi wa sokoni ningemfunga mbali kwanza, nimpake dawa. Hawa wa dadangu niliona haya, ingekuwa kama kumwambia mgeni anawe miguu ndipo aingie. Nikawafunga pamoja na wangu.

Baadaye wangu wakaanza kuzubaa. Hawali, ukifunua jicho ndani ni jeupe. Mmoja akatupa mimba, kisha wa pili, mwingine akafa nayo tumboni.

Sasa dadangu ndiye akandaye wajawazito na wazazi wote wa ukoo wetu. Akisema jambo la mimba, hapingwi. Akaja, akaketi barazani kwangu, akamtazama mkazamwanangu, naye ana mimba ya kwanza. Akasema mbele ya watu: "Huyu binti ana nuksi. Mbuzi wametangulia tu."

Nikamwambia, "Dada, huyu anakula wali wangu, hali mimba za mbuzi." Watu wakacheka. Mwanangu hakucheka. Nimemzaa mwenyewe, na mjinga ni mjinga: kesho yake akampeleka mkewe kwa mamake, mtaa wa Mbaraki, eti mpaka ajifungue. Binti akaniuliza mlangoni, "Mama, na wewe waamini?" Nikamwambia siamini, lakini begi lilikuwa limeshatoka.

Nikamwita daktari wa mifugo. Akachukua damu, akarudi na jibu: ni vijidudu vya damu, huletwa na kupe, na mbuzi mwenye mimba huweza kuitupa. Kisha akawatazama wale wawili wa Likoni. "Bibi, hawa nawajua. Niliwapima kwa mama mmoja mkandaji, wenzao walikuwa wametupa mimba. Nilimwambia awatibu na asiwahamishe."

Nikakaa chini pale pale kwenye samadi. Kumbe aliketi kwangu akinywa kahawa yangu, na anajua.

Nikavuka kwenda kwake. Hakukana. "Niliogopa utawakataa mbuzi wangu. Nikisema leo, nani ataniita tena nimkande mzazi? Nisitiri. Mama alipokufa, nani alikulea?" Ni yeye. Alikuwa akinitafunia nyama ndipo anilishe.

Mwanangu nimemweleza, akaenda kumrudisha mkewe. Binti amegoma: "Alinitia nuksi mbele ya watu. Anitoe mbele ya watu." Simlaumu, ana haki. Naye mwezi wake umekaribia.

Dada hasemi. Nikisema mimi, namvua nguo yeye aliyenivisha. Nikinyamaza, mjukuu wangu atazaliwa mamake akiitwa mkosi. Wanangu mnaosoma, mlio na dada na mlio wake za watu, nielekezeni bila kunionea haya. Nimseme, au nimsubiri? Na kama ni kusubiri, yule binti nimwambie nini?