Mafungu ya Mawe Kando ya Kisima

Mume wangu wanamwita Bwana Miche, na wenzake hunitania eti mimi ni mke wa pili, wa kwanza ni msitu. Si uongo. Miaka kumi na tisa kazi yake kule machimboni ni moja: shimo likishaisha mawe, analifukia, anatandaza udongo wa juu uliowekwa akiba, anapanda miti. Shimo la Kwanza alilipokea likiwa jeupe, hata mjusi hakai. Miti ilipokua, ukiingia humo unatafuta sweta.

Kwenye ramani ya miaka arobaini iliyobandikwa ofisini, Shimo la Kwanza lilipakwa kijani, yaani limekwisha, haliguswi tena. Alinipeleka kuiona. "Mama Watoto," akaniambia, "sisi tukiondoka, hili litabaki." Hatukujaliwa mtoto. Aliniita hivyo tangu miche ya kwanza iliposhika mizizi.

Ukaja ukame. Akambembeleza meneja wiki tatu mpaka akapewa mashine ya kuchimba kisima mlemle shimoni. Sasa sikilizeni ujinga wa mtu mwema. Machimboni wana desturi: ukitoboa ardhi, kila mita unayoshuka unaweka kando fungu la kilichotoka, na kibao cha kina chake. Kisima ni cha maji jamani, nani aliuliza jiwe? Lakini mkono ukizoea umezoea. Alipanga mafungu thelathini na mawili, yamenyooka kama meza ya muuza nyanya, akanionyesha kwa fahari.

Mhandisi wa mipango akaja kupiga picha miti, wageni waione. Akainama kwenye yale mafungu, akaokota jiwe, akaligonga, akalitazama sana. Miti hakuipiga picha.

"Mzee, nani kapanga hivi?"

"Mimi."

"Kazi safi sana. Hatuna jiwe zuri kama hili kokote."

Miezi minne baadaye kijani kikafutwa. Shimo la Kwanza litachimbwa tena, na miti itapandwa upya, wameandika, baada ya miaka ishirini na sita. Mume wangu ana hamsini na minane. Hesabu fanyeni wenyewe.

Majirani wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ebo! Methali ile ni ya wenye hila. Huyu alitaka kuwanywesha wanawe tu. Nililia kwa hasira mpaka sauti ikakauka.

"Acha kazi," nilimwambia asubuhi ya siku ya kukata miti. "Wakate wenyewe!"

Alikuwa anafunga kamba za buti. "Udongo wa juu ukichanganyika na kifusi umekufa, Mama Watoto. Hakuna mwingine anayejua kuukwangua."

"Unamhifadhia nani?"

Aliniomba tu nimsindikize.

Katapila likaingia, yeye akitangulia kwa miguu, akimwelekeza dereva kwa mkono: taratibu, usizame sana. Mti wa kwanza kuanguka niliujua. Niliumwagilia mimi, kwa birika la chai, kabla bomba halijaletwa. Mume wangu akamwashiria dereva asimame. Akapiga magoti, akakung'uta udongo ulioganda kwenye mizizi, mzizi kwa mzizi, akaubeba kwa viganja mpaka kwenye rundo la akiba.

Kisha akampungia dereva aendelee.