Filimbi ya Telma

Mwaka 2009 mkaguzi wa elimu alifika bila taarifa katika shule moja ya msingi upande wa Madimba, akaambiwa mwalimu mkuu amekwenda Mtwara mjini kufuatilia madawati. Mkaguzi akatabasamu, maana shule huonekana ilivyo pale mkubwa wake asipokuwepo. Kengele ikalia kwa wakati. Walimu walikuwa madarasani, uji ulikuwa jikoni. Hakupata cha kukemea.

Mwalimu mkuu huyo ni Telma, binti wa mama Luisa. Utaratibu ule hakuupata chuoni. Aliupata utotoni kijijini Mahurunga, kando ya mto Ruvuma, tena kwa aibu.

Wazazi wake walivuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji, wakawa wakulima na wauza samaki wakavu. Mwaka 1997, Telma akiwa darasa la sita, Mwalimu Hemedi alimteua kiranja wa shamba. Shule ilikuwa na shamba la mpunga karibu na mto, na mpunga huo ndio ulioilisha kambi ya darasa la saba, zile wiki za mwisho wanafunzi wanapolala shuleni kujiandaa na mtihani. Mpunga ukianza kukomaa, kwelea kwelea huja kwa makundi. Kwa hiyo wanafunzi walishinda shambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza kwa kugonga makopo.

Telma alipewa filimbi, nayo ikamlevya. Alipanda juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi katikati ya shamba, akatangaza, "Bila filimbi yangu, asigonge mtu kopo. Sitaki vurugu."

"Na wakija hujawaona?" aliuliza Husna, mwenzake wa dawati moja.

"Nitawaona."

"Haya, bibi shamba."

Siku hiyohiyo Husna aligonga kabla ya filimbi, akaadhibiwa kupalilia peke yake. Wengine wakaelewa upesi kwamba aliye salama ni aliyenyamaza.

Alhamisi moja mjomba Ernesto alifika kutoka ng'ambo ya mto na biskuti na hadithi zake. Telma alishuka kwenye dungu, filimbi mfukoni. "Narudi sasa hivi," alisema. Hakurudi mpaka jua lilipopinda. Ndege walikuja. Wanafunzi waliwatazama ndege, wakalitazama dungu tupu, na makopo yakabaki mikononi mwao. Kwelea walikula kama walioalikwa harusini.

Mwalimu Hemedi hakushika fimbo. "Telma, wenzako hawa wana macho?"

"Wanayo, Mwalimu."

"Na mikono?"

"Wanayo."

"Sasa ni nani aliyewanyang'anya?"

Telma aliitoa filimbi mfukoni, akamkabidhi. Wapo watu wazima wenye ofisi ambao hawajawahi kuulizwa swali lile, ndiyo maana kazi hulala kila wanaposafiri.

Mwaka huo darasa la saba walikula mihogo kambini, na mmoja wao alikuwa Dercio, kaka yake Telma. Kila alipopita nyumbani alimwambia, "Wasalimie ndege wako."

Msimu uliofuata Telma alikaa ukingoni, upande wa matete, na kopo lake kama wenzake. Huko aliona jambo ambalo juu ya dungu halionekani. Ndege walitoka ndani ya matete wakiruka chini chini, na aliyekuwa karibu ndiye aliyewaona kwanza. Husna alilijua hilo tangu zamani, ila hakuwa ameulizwa. Aliyeanguka mbele za watu hupenda kujificha. Telma hakujificha. Alikwenda kwa Mwalimu Hemedi.

"Mwalimu, naomba tena shamba."

"Filimbi nimempa mwanangu anaichezea."

"Siitaki, Mwalimu."

Mwalimu akakubali. Safari hii ilikuwa zamu ya darasa la Telma kwenda kambini, kwa hiyo mpunga ukiliwa, njaa ingekuwa yao wenyewe. Alimpa kila mtu upande wake na kumwambia, "Ukiona, gonga. Ukikosea, umekosea, kesho gonga tena." Husna akatunga wimbo wa kuwatukana kwelea, na shamba likageuka ngoma.

Wiki moja kabla ya kuvuna, malaria ikamwangusha Telma. Alijaribu kuinuka kitandani, mama Luisa akamrudisha kwa mkono mmoja.

"Mama, ndege wakija, nani atawaambia wenzangu?"

"Lala, mwanangu."

Hakulala. Alitega sikio upande wa mtoni. Mpunga wote uliobaki ulikuwa mikononi mwa watu ambao yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha woga. Mara kopo moja likalia upande wa matete. La pili likaitika, kisha yote kwa pamoja, na juu yake sauti ya Husna ikiimba, na vicheko. Ikawa hivyo kutwa nzima.

Jioni Husna aliingia, kopo kichwani kama kofia.

"Shikamoo, mama Luisa."

"Marahaba. Mgonjwa wako huyo."

"Mmefanyaje bila mimi?" Telma aliuliza.

Husna alifikiri. "Kusema kweli, kiranja, leo hatukukukumbuka hata kidogo."

Telma alicheka mpaka mama yake akaja kumshika paji la uso, akidhani homa imepanda kichwani. Mwezi wa tisa darasa lao walikula wali kambini, na ukoko waliugombania.